Nitaongozaje taasisi inayolinda siri nisizoruhusiwa kuzijua?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkenya, Mgiriama wa Kilifi. Naishi Darwin, Australia, na familia yangu, na nimekuwa mtumishi wa serikali ya Northern Territory kwa miaka kadhaa, upande wa mipango ya ardhi na barabara. Wenzangu wananihimiza niombe nafasi ya uongozi katika Mamlaka inayolinda maeneo matakatifu ya Waaborijini. Kazi hiyo inanivuta kwa sababu nimekulia karibu na kaya, msitu wetu mtakatifu wa Mijikenda, na babu yangu alikuwa mmoja wa wazee wake. Lakini nina wasiwasi. Mimi si Mwaborijini. Nimeambiwa kuna maeneo ya wanawake ambayo mwanamume haruhusiwi hata kusikia habari zake. Sasa nitasimamiaje cheti cha masharti ya ujenzi kinachohusu kitu nisichokijua? Mwenzangu mmoja anasema kazi yenyewe ni kuzuia maendeleo tu, na kwamba maeneo haya huibuka pale mgodi unapokuja. Mwingine ananionya kuwa waziri akitaka barabara, barabara itajengwa, na mkuu wa taasisi ndiye atakayebeba lawama za pande zote. Niombe au niache? Na nikiomba, nijiandae vipi?"*

Marahaba, mwanangu.

Swali lako lina matawi mengi, lakini naona kinachokusumbua hasa ni kimoja. Tumezoea kwamba mkuu wa ofisi ndiye anayejua kuliko wote, na wewe unaitwa kwenye kiti ambacho baadhi ya mafaili yaliyo chini yake hutayafungua mpaka unastaafu. Nitaanza hapo. Ukishaona jinsi chombo hiki kilivyoundwa, baadhi ya hofu zako zitapungua, na moja itaongezeka.

Mamlaka unayoizungumzia, Aboriginal Areas Protection Authority, iko chini ya sheria ya Northern Territory ya mwaka 1989. Ilirithi kazi ya mamlaka iliyotangulia, iliyoundwa kwa sheria ya 1978. Nyuma ya zote mbili ipo sheria ya shirikisho ya haki za ardhi ya 1976, na humo ndimo ilimotoka tafsiri inayotumika hadi leo: eneo takatifu ni eneo lililo takatifu kwa Waaborijini, au lenye umuhimu kwa namna nyingine kwa mujibu wa mila zao. Yatazame vizuri maneno hayo. Hayagusii umri wa mahali wala uzuri wake, hayaulizi kama kuna michoro pangoni au mifupa ardhini, na hayamtaji profesa wa kuthibitisha. Kipimo ni mila, na mila ina wenyewe.

Ndiyo maana bodi ya Mamlaka ina wajumbe 12, na 10 kati yao ni walinzi wa maeneo wenyewe, yaani watu waliorithi kwa mila jukumu la kuyatunza, waliopendekezwa na Mabaraza ya Ardhi, vyombo vinavyowakilisha Waaborijini wenye ardhi, wanaume watano na wanawake watano. Wawili waliobaki huteuliwa na serikali. Mkurugenzi mtendaji anaongoza watumishi, bajeti, uchunguzi, mashtaka na mahusiano na serikali, lakini neno la mwisho kuhusu nini kifanyike kwenye eneo halianzi kwake. Linaanza kwa walinzi wa eneo hilo, linapita kwenye bodi ambayo wengi wake ni walinzi wenzao, kisha linamfikia yeye ili alisimamie.

Kwa hiyo, kuhusu maeneo ya wanawake, huhitaji kuijua siri ili uilinde. Unachopaswa kujua kwa uhakika ni kwamba wanaoijua wameulizwa, wote wanaostahili kuulizwa, mahali panapostahili, na mtu anayestahili kuwauliza. Kivitendo, mwanaanthropolojia mwanamke huenda na wanawake mpaka kwenye eneo, wanazungumza huko huko, na maelezo yao hayasomwi na wanaume, hata kama mwanamume huyo ndiye mkuu wa ofisi. Kinachokuja juu ya meza yako ni mstari kwenye ramani na masharti: hapa pasichimbwe, mti huu usikatwe, mwamba huu usipandwe, gari lisipite ng'ambo ya kijito. Sababu inabaki kwa wenyewe. Na sheria hiyo hiyo inafanya kuwa kosa la jinai kwa mtumishi kutoa nje habari za siri alizozipata kazini.

Kama unadhani hilo ni jambo dogo la taratibu za ofisi, kumbuka yaliyotokea South Australia. Katika mgogoro wa daraja la Hindmarsh Island, wanawake wa Ngarrindjeri, Waaborijini wa huko, waliandikisha maarifa yao ya siri, yakawekwa kwenye bahasha zilizofungwa na kuandikwa kwamba zisomwe na wanawake tu. Mwaka 1995 nyaraka hizo zilifika kimakosa katika ofisi ya mbunge wa upinzani, Ian McLachlan, na badala ya kurudishwa zikatolewa nakala. Mbunge huyo alijiuzulu nafasi yake katika baraza kivuli la mawaziri. Lakini kwa wanawake wale, kujiuzulu kwake hakukurudisha kitu. Siri ikishasomwa na asiyestahili, hakuna faini wala barua ya kuomba radhi inayoifanya isisomwe. Katika kazi nyingi za serikali kosa hurekebishika: barabara mbovu hufumuliwa, hati yenye makosa hufutwa. Hapa makosa mengi hayarudi nyuma, na mkuu wa taasisi anapaswa kufanya kazi kila siku akilijua hilo.

Sasa niligeukie lile la mwenzako, kwamba maeneo huibuka mgodi unapokuja. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu utaulizwa hilo na waandishi wa habari, na usipokuwa na jibu la kweli utatoa jibu la kujitetea. Katika mgogoro huo huo wa Hindmarsh Island, tume ya kifalme ya jimbo ilihitimisha mwaka 1995 kwamba habari za siri za wanawake zilikuwa zimetungwa. Wanawake waliotoa habari hizo walikataa kwenda mbele ya tume ile, na baadhi ya wanawake wenzao wa Ngarrindjeri walikuwa wamesema hawajawahi kuzisikia. Miaka sita baadaye, mwaka 2001, jaji wa Mahakama ya Shirikisho, John von Doussa, aliyesikiliza ushahidi mpana zaidi katika kesi ya madai, alisema hakuridhika kwamba zilitungwa. Daraja lilikuwa limeshajengwa.

Inakuwaje wanawake wa kabila moja, wengine wajue na wengine wasijue? Wewe uliyekulia kando ya kaya hili halipaswi kukushangaza. Maarifa haya hayagawiwi sawasawa kama habari ya gazeti. Yana tabaka. Mtoto huelezwa sehemu inayomfaa, mtu mzima huongezewa, na kiini hubaki kwa wachache waliopitia yanayopaswa kupitiwa. Kusema nje ya utaratibu ni kosa ndani ya mila yenyewe, na lina adhabu. Kwa hiyo mzee hana sababu yoyote ya kwenda ofisi ya serikali siku ya amani kueleza kilichomo ndani ya kilima. Atanyamaza miaka 40 na kilima kitakuwa salama. Siku tingatinga linapofika, ndipo anapolazimika kuchagua kati ya hasara mbili: kusema asichopaswa kusema, au kunyamaza na kuona kinavunjwa. Anayetazama kutoka nje huona "eneo jipya". Kwa mzee ni eneo la siku zote ambalo limemgharimu kulitaja.

Na anayebeba gharama ni nani? Hili ndilo ambalo watumishi wengi wa serikali huchelewa kulielewa. Eneo likiharibiwa, kwa mujibu wa mila, anayewajibika kwanza si kampuni. Ni mlinzi wake, aliyeachiwa na wazee wake na akashindwa. Jamaa zake watamuuliza, majirani ambao hadithi yao ya mababu inapita hapo watamuuliza, na mtu akiugua au kufa katika ukoo, watu watakumbuka. Mwaka 1991 serikali ya waziri mkuu Bob Hawke ilipokataa mgodi wa Coronation Hill, mahali ambapo Wajawoyn wanapaita Guratba, hofu ya wazee wale ilikuwa kwa Bula, mwenye nguvu aliyelala ndani ya ardhi ile, ambaye akisumbuliwa madhara yake hayaishii kwa Wajawoyn peke yao. Wazee walikuwa wanajaribu kuwakinga hata wale waliotaka kuchimba. Mtu anaweza asiamini habari za Bula. Lakini akiongoza taasisi hii, anapaswa kuelewa kwamba mzee anayemlilia ofisini hafanyi mazungumzo ya bei.

Kosa la pili la mwenzako ni kudhani kwamba kazi ya Mamlaka ni kuzuia. Hapa inafaa uujue utaratibu vizuri kuliko wanaokupinga. Eneo takatifu katika Northern Territory linalindwa na sheria popote lilipo, liwe limeandikishwa au halijaandikishwa, kwenye ardhi ya Waaborijini au kwenye kiwanja cha mtu binafsi katikati ya mji. Kuingia bila ruhusa ni kosa, kufanya kazi juu yake ni kosa, kulinajisi ni kosa pia. Anayetaka kujenga halazimishwi kuomba cheti, lakini akianza kazi bila cheti na akaharibu, yuko peke yake mbele ya mahakama. Akiomba, Mamlaka inawatafuta walinzi, inawapeleka kwenye eneo, na inatoa cheti chenye masharti. Akiyafuata masharti, hawezi kushtakiwa kwa kazi aliyoifanya ndani yake. Kwa maneno mengine, mwenye mradi ananunua uhakika. Mwanasheria wa benki inayokopesha mradi anakijua cheti hicho na anakitaka.

Chukua mfano wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Idara yako inataka kupanua barabara pembezoni mwa Alice Springs. Kuna mkaratusi mkubwa wa mtoni, wa zamani, mita chache kutoka kwenye lami. Injinia ameuchora kwenye mpango kama "uoto wa kuondolewa". Walinzi wanakuja, wanausimamia, wanaongea kwa muda mrefu kwa Kiarrernte, lugha ya wenyeji wa pale, kisha wanasema: barabara ipite, lakini mti ubaki, na msichimbe ndani ya kivuli chake cha saa sita, kwa sababu mizizi yake iko hapo. Cheti kinatoka kikiwa na duara kwenye ramani na sentensi tatu za masharti. Barabara inapinda kidogo. Hakuna aliyezuia kitu, na hakuna aliyeulizwa mti ule ni nani.

Linganisha na Western Australia, ambako sheria ya 1972 ilijengwa kwa mantiki nyingine. Pale kifungu cha 18 kinamruhusu mwenye mradi kumwomba waziri ruhusa ya kuharibu. Kampuni ya madini ya Rio Tinto ilipata ruhusa hiyo mwaka 2013 kwa mapango ya Juukan Gorge. Baada ya hapo uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa ili kuokoa vitu ulionyesha kwamba watu walilitumia pango moja tangu miaka 46,000 iliyopita, na ukatoa kipande cha nywele zilizosukwa chenye miaka kama 4,000, kilichounganishwa kwa vinasaba na Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura walio hai leo. Sheria haikuwa na mlango wa kurudi nyuma na kuifikiria upya ruhusa. Tarehe 24 Mei 2020 mapango yakalipuliwa, kihalali. Mwaka huo ilitangazwa kwamba mkuu wa kampuni na viongozi wengine wawili wataondoka. Jimbo lilitunga sheria mpya, ikaanza kutumika Julai 2023, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kuifuta na kurudia ile ya 1972. Sheria moja inauliza, "kazi hii ifanyikeje bila kuharibu?" Nyingine inauliza, "nani anaruhusu kuharibu?" Ukiwa mkuu wa taasisi, kazi yako nyeti kuliko zote ni kuhakikisha swali la kwanza haligeuzwi polepole kuwa la pili, sharti moja baada ya jingine, ombi la dharura baada ya jingine.

Nisikudanganye kwamba cheti kinatosha. Karibu na Tennant Creek kulikuwa na mgodi wa manganizi wa Bootu Creek, na kando ya shimo lake mwamba unaoitwa Two Women Sitting Down. Habari inayojulikana hadharani ni ya mababu wawili, panya na mwenzake wa jamii ya bandikuti, mnyama mdogo wa Australia, waliopigania chakula cha porini, na damu yao ndiyo iliyoutia mwamba rangi yake nyeusi-nyekundu. Manganizi yenyewe, mali inayochimbwa, ni damu hiyo. Kampuni ya OM Manganese ilichimba karibu mno, na mwaka 2011 sehemu ya mwamba ikaporomoka. Mamlaka ilishtaki, na mwaka 2013 kampuni ikatiwa hatiani kwa kunajisi eneo na kutozwa faini ya dola 150,000. Mahakama iliona kwamba maamuzi ya kampuni yalitanguliza biashara na faida. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni kutiwa hatiani kwa kosa la kunajisi chini ya sheria ile. Ukipima faini hiyo dhidi ya thamani ya madini, utaelewa kwa nini ukaguzi wakati kazi inaendelea una maana kuliko kesi baada ya mwamba kuanguka. Ukiingia pale, pigania bajeti ya wakaguzi kabla hujapigania kitu kingine chochote.

Tuje kwa waziri. Onyo la mwenzako wa pili lina ukweli ndani yake, na hii ndiyo hofu niliyosema itaongezeka. Mwombaji asiyeridhika anaweza kulipeleka shauri kwa waziri, na waziri ana uwezo wa kisheria wa kutoa cheti mwenyewe kinyume na bodi. Historia nayo ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barrett Drive mjini Alice Springs ilikatwa kupitia sehemu ya kilima cha mababu viwavi, ambao kwa Waarrernte ndio walioiumba nchi ile. Wenyeji wakaipa jina la Barabara ya Ahadi Iliyovunjwa, na mpaka leo mtu akikwambia jina hilo utajua unakwenda wapi. Lakini muda huo huo serikali ilikuwa inataka bwawa kaskazini mwa mji, mahali paitwapo Welatye-Therre, eneo la wanawake. Wanawake walilipinga, wakalala huko, wakasema kiasi walichoweza kusema. Mpango wa bwawa ulirudi tena karibu na hapo, na mwaka 1992 waziri wa shirikisho, Robert Tickner, aliuzuia kwa miaka 20. Mji ule ule, kizazi kile kile, matokeo mawili tofauti. Sheria ni sehemu ya ukuta tu. Sehemu nyingine ni watu waliokataa kuondoka, na ofisi iliyoandika kumbukumbu safi zisizoyumbishika.

Kuna kesi moja ambayo ningependa uisome hukumu yake nzima kabla ya usaili. Mwaka 2019, shirika la hifadhi za taifa la shirikisho lilijenga njia ya miguu kwenye maporomoko ya Gunlom, ndani ya Kakadu, bila cheti. Hii ni hifadhi ambayo bodi yake ina Waaborijini wengi na ambayo inatajwa duniani kama mfano wa usimamizi wa pamoja. Wajawoyn walisema njia imepita karibu na sehemu nyeti ya eneo lao. Mamlaka ikamshtaki Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa. Yeye akajitetea kwamba sheria ya Northern Territory haiwezi kumwadhibu, kwa kuwa ni chombo cha shirikisho, na mahakama ya huko ikakubaliana naye. Mamlaka ilikuwa na kila kisingizio cha kuishia hapo: taasisi ndogo, gharama kubwa, mshtakiwa ambaye ni serikali. Ilikata rufaa hadi Mahakama ya juu kabisa ya Australia, na Mei 2024 ikashinda. Baadaye mwaka huo shirika likatozwa faini ya dola 200,000. Kwenye jalada la kesi hiyo, upande wa mshtaki, kimeandikwa cheo cha mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka. Hapo ndipo utaona maana ya uongozi unaouliza habari zake. Wazee wanashikilia maarifa. Bodi inashikilia uamuzi. Mkurugenzi anasimama mahakamani kwa niaba ya neno ambalo si lake, bila kulipunguza na bila kuliongezea chumvi.

Na mambo hayajatulia. Mwaka 2025 bunge la Northern Territory lilipitisha mabadiliko ya sheria hii, ikiwemo njia ya cheti kuhamishwa kutoka kwa mwenye mradi mmoja kwenda kwa mwingine, na Mabaraza ya Ardhi yalilalamika kwamba hayakushirikishwa ipasavyo. Utaulizwa msimamo wako. Mimi naona kwamba mzee aliyekubali masharti alikubaliana na mtu aliyemwona uso wake, na mtu huyo akibadilika, heshima inataka aulizwe tena hata pale sheria haimlazimishi mtu kumuuliza.

Kuhusu kaya ya babu yako, nakuomba uwe mwangalifu. Ni zawadi, kwa sababu hutahitaji kufundishwa kwamba msitu unaweza kuwa na mahali pasipoingiwa, au kwamba kilichozikwa hakichimbuliwi. Kaya za Mijikenda ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na wewe unajua kwamba wazee hawakusubiri barua ya UNESCO kutoka Paris ili wajue ni takatifu. Lakini kufanana kunadanganya. Usiende kwa mzee wa Kiwarlpiri ukaanza na "hata sisi kwetu". Atakusikiliza kwa adabu, na utakuwa umeshajaza nafasi aliyokuwa aijaze yeye. Kwao kuna kirda, wanaorithi nchi kwa upande wa baba, na kuna kurdungurlu, wenye uhusiano nayo kwa upande wa mama. Kirda ni wenye nchi na sherehe zake, kurdungurlu ni wasimamizi wanaohakikisha mambo yanakwenda inavyopaswa. Ukipata ridhaa ya upande mmoja tu, umepata nusu, na nusu hiyo inaweza kubomoka wiki ijayo. Mgeni anayetafuta "mzee mkuu" wa kusaini hujikuta na saini na hana makubaliano. Lugha nyingine zina majina yao kwa mpangilio wa namna hii, na kila mahali una mikunjo yake.

Jiandae pia kwa kalenda ambayo si ya ofisi. Kwenye ukanda wa kaskazini, Kakadu na Arnhem Land, mvua za kuanzia karibu Novemba hadi Aprili hukata barabara, na huwezi kuwaomba wazee wakuonyeshe eneo kwa simu. Mtu akifariki, shughuli za msiba husimamisha kila kitu kwa majuma, jina la marehemu halitajwi, na picha yake kwenye ripoti yako huenda ikabidi ifunikwe. Mwenye mradi atakupigia akitaka cheti Ijumaa. Kazi yako ni kumweleza, kwa ukweli na kwa heshima, kwamba Ijumaa haiwezekani, na kumwambia lini inawezekana. Wengi hawakasirishwi na kusubiri, wanakasirishwa na kutojua.

Niombe au niache, uliuliza. Kutokuwa Mwaborijini hakukufungii mlango, lakini si jambo la kulipita haraka. Jiulize kwanza kama kuna Mwaborijini ndani ya Mamlaka aliye tayari kuishika nafasi hiyo, na kama kuomba kwako kutamsaidia au kutamzibia. Ningekuwa wewe, ningefikiria sana kuomba nafasi ya chini ya mkurugenzi, au kuazimwa kutoka idara yako kwa muda, kabla ya kuomba kiti cha juu. Ujuzi wako wa mipango ya ardhi ni adimu pale: unajua injinia anachoficha kwenye michoro, unajua bajeti inafungwa lini, unajua barua ipi ya wizara ni tishio na ipi ni utaratibu tu. Mtu wa namna hiyo akikaa pembeni ya mkurugenzi Mwaborijini anaweza kufanya kazi kubwa. Hasara yake ni kwamba nafasi hizo hazitangazwi mara kwa mara, na ukichelewa huenda akaingia mtu ambaye moyo wake hauko hapo kabisa. Nikipima yote, bado naegemea kuanza na nafasi ya chini, ila bodi yenyewe ikikuomba uombe nafasi ya juu, basi iombe.

Kuna jambo hukulitaja, nami naona ndilo la haraka zaidi. Idara yako ya sasa ni miongoni mwa waombaji wa vyeti. Kama umewahi kusaini ombi, kupitisha mchoro, au kuandika barua ya kupinga sharti fulani, una mgongano wa masilahi ambao barua yangu haiwezi kuufungua. Huo unahitaji mwanasheria anayeijua sheria ya utumishi wa umma ya Northern Territory, ana kwa ana, ukiwa na orodha ya miradi yote uliyoigusa. Na kama katika miradi hiyo kuna lolote uliloelezwa au kulisoma ambalo hukupaswa kulijua kama mwanamume, usiliandike kwenye orodha hiyo na usimsimulie mwanasheria. Mwambie tu kwamba lipo, kisha uombe kukutana na mwanaanthropolojia mwandamizi mwanamke wa Mamlaka, aamue na wanawake wenyewe lifanyiwe nini.

Kingine kinachohitaji safari badala ya barua ni kuonana na watu wa Baraza la Ardhi la eneo unalolifahamu zaidi. Omba miadi, sema wazi kwamba unafikiria kuomba kazi, uliza wanatarajia nini kwa mtu atakayekaa pale, kisha nyamaza usikilize. Wakikwambia hawakutaki, ni bora ulijue sasa.

Kama tarehe ya mwisho ya maombi iko karibu na hujamwona mwanasheria, usitume kwanza. Pigia simu Ofisi ya Kamishna wa Ajira za Umma ya Northern Territory, eleza kwamba unatoka idara inayoomba vyeti, na uliza jambo hilo litangazwe kwenye fomu ya maombi au kwa barua tofauti. Jibu lao lipate kwa maandishi.